Mtoto wa miaka minne kapewa kiti 38A, mama yake 24E. Hivi haya mashirika ya ndege yanapangaje familia?

MamaG_Majengo
Wakuu habari zenu, poleni na majukumu. Nimekuja na hasira mnivumilie, na uzi wenyewe ni mrefu.

Jumanne ya wiki ilopita usiku nilikuwa KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na wanangu wawili, mkubwa ana miaka 7, mdogo katimiza minne mwezi wa tatu, tunaenda Toronto kwa baba yao. Shirika jina nalihifadhi. Nimetoka Moshi mapema kabisa nikijua nawahi, nimefika kaunta foleni bado fupi, nikasema leo mambo safi. Dada wa kaunta kachukua pasipoti, kagonga gonga mashine yake, katoa bodingi pasi tatu kanikabidhi kwa mpigo. Mi ndo nipo chini nimepiga magoti, begi limezidi kilo mbili natoa viatu vya mkubwa nahamishia kwenye mkoba, sijaangalia kitu. Nimekuja kuziangalia tumeshapita ukaguzi. Mimi 24E. Mkubwa 31B. Mdogo 38A.

Nikafikiri nimesoma vibaya. Nikamfata kaka wa getini, akaniambia sistimu ndo imepanga hivo, ndege imejaa, ukiingia ndani ongea na wahudumu watakusaidia. Naingia ndani mhudumu ananiambia mama hili ulitakiwa ulimalize kule kaunta. Sasa wa chini ananituma juu wa juu ananirudisha chini kama nafuatilia hati ya kiwanja, na nyuma yangu foleni ya watu na mabegi wananipumulia shingoni.

Nikaanza kuomba mwenyewe. 24D kakaa mzungu mtu mzima magoti yote mawili yamefungwa bandeji, katoka mlimani huyo, akanambia kwa upole kabisa pole sana ila mimi hiki cha korido nimekilipia kwa ajili ya miguu. Upande wa pili mtu na mkewe. Nikaenda huko nyuma 38B, kijana kaweka spika za masikioni kafumba macho, na usingizi huo ulikuja nilipokaribia tu maana kwa mbali nilimuona anachati. Taa ya mikanda ikawaka, mhudumu akanishika bega, mama rudi ukae. Nimeruka na ndege mwanangu wa miaka minne yuko safu kumi na nne nyuma yangu analia mamaaa, na mi nimefungwa mkanda.

Sasa Mungu si Athumani. Ndege bado inapanda, ule mtori wa jioni tuliokunywa nyumbani ukarudi wote kwenye suruali ya 38B. Kiti kikapatikana hapo hapo! Yule kijana alihama mwenyewe, hakuna aliyembembeleza. Mkubwa ndo alibaki 31B peke yake usiku kucha, asubuhi naenda kumchukua namkuta kafunikwa shuka na bibi mmoja wa Kihindi, hata jina sikumuuliza.

Nimefika nikaingia kwenye tovuti yao kusoma. Ukurasa mmoja unasema watajitahidi watoto wakae na mzazi kutegemea na nafasi. Ukurasa mwingine unasema anayetaka uhakika anunue kiti. Dola 28 kiti kimoja, ndege moja. Tuko watatu, ndege mbili kwenda na mbili kurudi, piga hesabu, dola 336, ni kama laki nane na nusu. Hiyo si hela ya mbuzi wanne wa Disemba? Ili nikae na mtoto niliyemzaa?

Naomba wajuzi mnisaidie, hii ni haki? Kuna sheria? Mwezi wa nane tunarudi, safari hii wanne na baba yao, sitaki tena.

Chalii_wa_Sakina
Mtori ndo umemaliza kesi 😂😂 mama safari ijayo beba chupa nzima, ukifika tu unauliza nani kakaa pembeni ya mtoto wangu.

Bibi_Kibosho
Pole mwanangu. Sisi tulipanda mabasi ya Moshi Dar mtoto unampakata mpaka Korogwe mapaja yamekufa ganzi, lakini sijaona kondakta wa kumweka mtoto siti ya nyuma na mama yake mbele. Hata hawa wa vihaisi vya Pasua wanaojaza mpaka mlango haufungi, akiona mama ana mtoto anasema wewe kijana inuka. Mashine haina mama hiyo.

NimelipiaKiti
Mtanitukana ila ngoja niseme. Mi nasafiri kikazi kila mwezi, kiti cha korido nalipia kwa hela yangu kampuni hairudishi. Kila safari nikikaa tu anatokea mtu na mtoto, "kaka samahani". Samahani ya nini, wewe umebana hela ya kiti alaf unataka mi nihamie kiti cha katikati kwa masaa manane. Ukikataa ndege nzima inakuangalia kama mchawi. Mleta uzi pole ila yule mzungu hana kosa na hata yule wa 38B hana kosa.

MamaG_Majengo
@NimelipiaKiti yule mzungu sijamlaumu hata kidogo soma tena. Ila wa 38B angekaa na mtoto wa watu saa zote hizo kwa starehe gani? Mtoto akitaka chooni anampeleka yeye?

GuideWaMachame
Nimtetee mzee wa magoti. Hawa wageni wetu wanashuka toka kilele cha Uhuru mita 5,895 mpaka geti la Mweka, zaidi ya mita elfu nne kwenda chini, ndani ya siku mbili. Kupanda si tatizo, kushuka ndo kunamaliza magoti. Namwachia mgeni hotelini anashuka ngazi kinyumenyume kama kaa, kesho yake yuko KIA. Akikosa korido akanyoosha mguu huyo mtamshusha kwa kiti cha magurudumu.

SioKishoka
Nipo kwenye hizi kazi za tiketi hapa mjini Arusha mwaka wa kumi na moja. Mleta uzi kabla sijachosha vidole nijibu kitu kimoja, tiketi zenu tatu zilikatwa pamoja kwenye bukingi moja?

MamaG_Majengo
@SioKishoka hapana. Yangu aliikata baba yao toka huku mwezi wa kwanza viza yangu ilipotoka. Za watoto viza zilichelewa, nikaja kuzikata Arusha mwezi wa nne, tarehe ileile ndege ileile.

SioKishoka
Nilijua. Sasa kaa hapo nikueleze maana asilimia kubwa ya hizi kesi zinaanzia hapo na hakuna anayewaambia watu.

Sistimu ya shirika haijui kwamba wewe ni mama. Inachojua ni zile herufi sita za bukingi zilizoandikwa kwenye tiketi. Wewe una zako, watoto wana zao, kwa hiyo kwake ulikuwa mwanamke mmoja anayesafiri peke yake, na watoto wawili wengine huko. Majina ya ukoo hayaisaidii, wewe unatumia la baba yako wao la baba yao. Aliyekukatia za watoto alitakiwa apige simu au aandike humo humo kwenye bukingi kwamba hawa wanasafiri na mtu mzima wa bukingi fulani, ziunganishwe. Hii ni kazi ya dakika tano na haina malipo kwa shirika. Muulize kama alifanya. Halafu cheki kama aliingiza tarehe zao za kuzaliwa na kuwaandika watoto, kuna wenzangu wanaandika wote watu wazima ili wamalize haraka.

La pili ni aina ya tiketi. Ile ya bei ya chini kabisa inayokuja na jina zuri zuri, mara nyingi kuchagua kiti hakumo, unapewa kitakachobaki siku ya mwisho. Na kitakachobaki ni vya katikati, vimetapakaa ndege nzima, maana wenye hela wameshachukua madirisha na korido. Wala hakuna mtu aliyekaa akasema tumtenganishe huyu mama na watoto. Ni mabaki tu.

La tatu watu hawaliamini, ukiona kwenye ramani ya viti pamejaa si kweli kwamba kila kiti kina mtu. Vingine vimefungwa kwa ajili ya wanachama wao wakubwa, vingine vya kuuza, vingine vimeachiwa uwanjani. Vinafunguliwa kuchekin kunapoanza, wengine masaa 24 kabla wengine 48. Ukiwa unafungua simu dakika ileile unapata. Ukija kuchekin kaunta na familia masaa mawili kabla umechelewa hata kama foleni ni fupi.

Na ukinunua tiketi ya shirika A ndege ikaja kuruka ya shirika B, kila mmoja ana herufi zake sita. Umechagua kiti kwa A, B hana habari. Nenda kwenye tovuti ya B na herufi zake uchague upya.

Kiti nacho si shamba la kihamba ulilorithi. Ndege ikibadilishwa, wameleta nyingine yenye mpangilio tofauti, viti vyote vinamwagwa vinapangwa upya hata kama ulilipia, na mara nyingi hawakwambii. Fungua bukingi yako kila wiki uangalie.

Chalii_wa_Sakina
Huyu mtu anatoa siri za ofisi bure, mpeni soda.

NimelipiaKiti
Kwa hiyo kosa ni la mama na ajenti wake. Kesi imefungwa.

SioKishoka
@NimelipiaKiti hapana haijafungwa. Dada wa kaunta alishika pasipoti tatu kwa mkono mmoja. Aliona tarehe za kuzaliwa. Sistimu haikujua sawa, yeye alijua.

Mmeru_Ughaibuni
Mleta uzi upo Toronto? Karibu, baridi bado miezi mitano usiogope.

Swali lako la sheria. Canada ipo na ina namba, haina hayo maneno ya tutajitahidi. Toka Desemba 2019, mtoto chini ya miaka 5 lazima kiti chake kigusane na cha mzazi. Wa miaka 5 mpaka 11 awe safu moja na mzazi, katikati kisizidi kiti kimoja. Wa 12 na 13 asipishane na mzazi zaidi ya safu moja. Na bila kulipishwa. Inahusu ndege zinazoingia na kutoka Canada hata kama shirika si la Canada.

Uingereza wao ni mwongozo wa mamlaka yao ya anga, wanasema ikiwezekana safu moja, ikishindikana mtoto asipite safu moja au korido moja toka kwa mtu mzima wake. Na sababu yao si huruma. Ndege kubwa ili ipewe cheti lazima ionyeshe inaweza kutoa watu wote ndani ya sekunde 90 kwa kutumia nusu ya milango. Sasa niambieni, moshi umejaa, watu wote wanakimbilia mbele, na mama mmoja anarudi nyuma kinyume na umati kutafuta safu ya 38. Zile sekunde 90 ziko wapi? @NimelipiaKiti hapo hata wewe na korido yako unachelewa kutoka.

Marekani wamezunguka zunguka. Sheria ya 2016 iliagiza jambo liangaliwe, 2023 Wizara yao ya Uchukuzi ikaweka mtandaoni jedwali la mashirika gani yanaahidi kukalisha mtoto wa miaka 13 kushuka chini na mzazi bila ada, Agosti 2024 wakatoa pendekezo la kanuni ya kupiga marufuku hizo ada. Pendekezo lakini. Ndo maana ukisoma tovuti za mashirika unachanganyikiwa, kila nchi inaongea lugha yake na shirika linaandika sentensi moja laini ya kuwatosha wote.

MamaG_Majengo
@Mmeru_Ughaibuni subiri subiri SUBIRI.

Tulivyobadilisha ndege kule tranziti kuja Toronto, kabla hatujapanda wakaniita jina kwenye spika. Nikajua ni viza kuna shida, moyo ukapiga paa. Nikafika mezani dada akachukua bodingi pasi zetu tatu akachana akaprinti nyingine, viti vitatu vimefatana. Hajaniuliza chochote sijaomba chochote. Nilimshukuru mpaka nikataka kumkumbatia nikasema huyu kalelewa.

Kumbe ni sheria?? Shirika lilelile, tiketi zilezile, watoto walewale, siku ileile!!

Mmeru_Ughaibuni
😂😂 hakulelewa huyo, anaogopa faini.

Bibi_Kibosho
Kwa hiyo wanaweza. Hapa KIA hawataki tu.

SioKishoka
Bibi umemaliza. Na hapo ndo bukingi mbili tofauti ghafla hazikuwa tatizo tena, waliwaona vizuri tu.

MamaMapacha_Njiro
Na mimi niseme ya kwangu maana nilifoka bure. Mi na mume na mapacha wa miezi 9, wa kupakatwa, tumeomba wiki mbili kabla tukae pamoja kwenye safu ya viti vitatu upande mmoja. Wakakataa. Mume huku mimi ng'ambo ya korido. Nikawaka, nikaita msimamizi, nikasema ubaguzi. Yule baba wa watu akanyoosha kidole juu pale kwenye kijisanduku akaniambia mama, humu kwa viti vitatu kuna barakoa nne tu za oksijeni. Nyie wawili, abiria wa kiti cha tatu na kichanga kimoja zinatosha. Vichanga viwili mmoja anakosa. Nilikaa kimya kama nimemwagiwa maji.

Na kile kitanda cha vichanga cha ukutani nacho wana kikomo cha kilo, wa kwangu mmoja alikuwa kibonge hakuingia. Ulizeni kilo kabla hamjalipia kiti cha mbele.

Chalii_wa_Sakina
Swali la kishamba, hizi ndege ndogo za pale uwanja wa Kisongo Arusha nazo unachagua kiti?

GuideWaMachame
Zile za kwenda Serengeti hamna namba chalii. Rubani mwenyewe anasimama mlangoni anakuangalia tumbo anakwambia wewe kaa pale. Abiria kumi na mbili hivi, ni uzito tu. Familia wanakaa hapo hapo, hata ukikaa mbali unamsikia mwanao anavyomeza mate.

SioKishoka
Na pangaboi za kwenda Dar ni mbili mbili, familia ya watatu lazima mmoja akae ng'ambo ya korido. Ile ndege ndogo ya Airbus ina mbili upande mmoja tatu upande mwingine. Jua ndege kabla ya kulalamika. Na mlango wa dharura mtoto hakai hata ulipie milioni.

NimelipiaKiti
Sawa nakubali la sekunde 90 sikuwahi kulifikiria. Ila msimamo wangu uko palepale, shirika ndo lipange kabla, lisiniletee mama analia mbele yangu nionekane sina utu. Wanauza kiti mara mbili, kwanza kwangu alaf wananiomba nikitoe bure kama msaada.

Bibi_Kibosho
Leo umeongea kama mtu aliyenyonya.

MamaG_Majengo
Asanteni sana wakuu. Nimemuuliza yule wa Arusha aliyenikatia za watoto kama aliunganisha, kanijibu "kuunganisha nini dada". Basi. Nimeandika imeili kwa shirika nimeambatanisha picha za bodingi pasi tatu za KIA na tatu za pili, zimepangwa juu na chini kama mitihani. Wakinizungusha napeleka kwa TCAA, mamlaka yetu ya anga, na lile baraza lao la watumiaji. Ntaleta mrejesho.

MamaG_Majengo
MREJESHO, mwezi wa nane. Samahani nimekaa kimya sana.

Shirika walijibu baada ya siku kumi na tisa. Wamesikitika, na safari ijayo watajitahidi. Neno lilelile. Nilicheka peke yangu jikoni.

Ya kurudi nilifata alichosema @SioKishoka neno kwa neno. Bukingi za wote zimeunganishwa kwa simu, dakika sita nimehesabu. Umri wa watoto umeandikwa. Kila Jumapili nikitoka kanisani nafungua kuangalia. Jumapili ya tatu nafungua, viti hamna! Ndege imebadilishwa, hakuna meseji hakuna imeili, familia nzima imemwagwa upya, mdogo kapelekwa safu ya 41. Nikapiga usiku uleule. Dada wa simu akaanza kutegemea na nafasi mama, nikamwambia hii ndege inatoka Canada na mtoto ana miaka minne, naomba unisomee kanuni yenu ya miaka minne. Kimya. Muziki kidogo. Akarudi na safu ya 33, mimi na watoto pamoja, baba yao ng'ambo ya korido. Na ya pili ya kuja KIA, ile isiyogusa Canada, nikamwambia na hiyo nipangie hivohivo maana upo kwenye skrini tayari, akapanga.

Baba yao kwa kuwa yuko ng'ambo alivaa spika za masikioni kabla hata ndege haijaondoka, nikamuona nikamkumbuka 38B. Kalala mpaka chakula. Mi katikati ya watoto, mmoja kwenye bega mmoja kwenye paja, na wanagombania dirisha ambalo kwenye safu hiyo halipo.

Chalii_wa_Sakina
Na mtori je?

MamaG_Majengo
Nilibeba mifuko ya kutapikia mitano, haijatumika hata mmoja. Katapika baba yao, tumefika Bomang'ombe, ndani ya gari la shemeji.